Kwa Nini Tulichelewa Nyangamara

Kilwa Masoko,
19 Agosti 2025.

Mpendwa Mama mdogo Mwanahija,

Assalaam aleikum. Nakupa shikamoo mbili, moja yangu na moja ya mume wangu Ridhiwani. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekusaidia? Baba mdogo Yassin hajambo, na mdogo wangu Imani anaendeleaje na shule huko Mwanza? Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Mioyo ndiyo bado.

Pole tena kwa kufiwa na mama yako. Nilikupa pole kwenye simu, lakini simu ya nyumbani kwetu huwekwa sauti kubwa na kila mtu anasikiliza, na ninalotaka kukuambia haliwezi kusemwa hivyo. Ndiyo maana nimeandika, na Issa anayekuja huko kesho atakukabidhi mkononi.

Kwanza nikwambie, Mama mdogo, nimeolewa na mtu mwema. Hukuwahi kukutana naye, na yale uliyoyasikia si yeye. Ni seremala mwenye mikono migumu kama ubao, lakini kikombe cha chai hukishika kwa vidole viwili na kunipa mimi kwanza. Jioni akirudi namsikia akikohoa mlangoni makusudi ili nijue amefika, nami nakimbia kama mtoto. Naona haya kuandika furaha na msiba kwenye karatasi moja, lakini ndivyo nilivyo mwezi huu. Nacheka jikoni, halafu namkumbuka Bibi, nakaa chini kwenye kibao cha mbuzi na nazi yangu mkononi.

Unajua Bibi hakuweza kuja harusini kwa sababu ya miguu. Alituma neno kwamba tukitoka fungate twende Nyangamara awaone bwana na bibi harusi kwa macho yake. Siku ya tisa baada ya harusi Saida, aliyekuwa akimuuguza, alipiga simu kwamba hali imebadilika, tusikawie. Tukaamua kuondoka kesho yake baada ya sala ya alfajiri.

Gari letu dogo lilikuwa bado na utepe mweupe wa harusi, ule mpana unaotoka kwenye vioo vya pembeni hadi mbele. Ridhiwani alitaka kuutoa. Mimi nikakataa. Nilisema Bibi hakuliona gari la harusi, basi alione na utepe wake. Ncha zilikuwa zikipepea, nikaogopa upepo wa njiani utazichana, nikamwomba afungue boneti, nikazisokomeza chini yake kwa mikono yangu. Alisema, “Mastura, huku ndani hapawekwi nguo.” Nikanuna. Akacheka, akafunga boneti.

Kwenye lami mambo yalikuwa shwari. Pale Lindi mjini tulipokwenda polepole tukitafuta mahali pa kununua sukari na mchele, mshale wa joto ulipanda kidogo. Tukasema ni jua. Tulipotoka mjini na kushika kasi, ukashuka. Tulipoiacha lami tu na kuanza zile kona na vilima vya udongo, ukapanda hadi mwisho, na mvuke ukatoka mbele.

Tulisimama mara tatu. Kila mara tulingoja injini ipoe ndipo tufungue rejeta na kuongeza maji. Mara ya kwanza nililia kidogo kwa sababu utepe ulikuwa umekatika na kipande kirefu hakikuwepo. Nilidhani ni upepo. Mama mdogo, nililia kwa ajili ya utepe.

Wapita njia walikuwa mafundi wote. Mmoja akasema gasketi imeungua, mwingine akasema rejeta imeziba. Ridhiwani alipapasa mipira yote ya maji, haikuvuja hata tone. Saida alikuwa akipiga simu, “Mmefika wapi? Anauliza.” Bibi alikuwa ameogeshwa na kuvalishwa kanga mpya, na uji ameukataa, anasema atakula na bibi harusi.

Ridhiwani alisimamisha bodaboda, akaniambia, “Panda utangulie, mimi nitakufuata.” Hili hakuna anayelijua ila sisi wawili. Nilikataa. Nilitaka Bibi atuone tukishuka pamoja, mimi na mume wangu. Bodaboda ile ikaondoka bila mimi.

Yapata saa sita na nusu akaja fundi mmoja wa kijiji cha jirani, Fundi Pazi. Hakugusa kitu, aliuliza tu.

“Linachemka mkikimbia au mkijikongoja?”

“Tukijikongoja,” alijibu Ridhiwani. “Kwenye lami halikuchemka.”

“Basi maji yako hayana kosa, wala gasketi. Ukikimbia, upepo wa barabara unalipoza. Ukienda polepole linategemea feni, na feni yako imelala.”

Akainama na tochi nyuma ya rejeta. Akaanza kucheka. “Shemeji! Gari yenu nayo imevaa shela!” Akavuta, akavuta, utepe wangu ukatoka mweusi kwa grisi. Ulikuwa umejiviringisha kwenye shina la feni hadi ikakwama, na fyuzi yake ikaungua. Alikata kwa kisu, akaweka fyuzi nyingine, feni ikazunguka. Kazi yote haikufika nusu saa.

Bibi alifariki ikiadhiniwa adhuhuri. Tulikuwa bado njiani. Tulipofika tuliwakuta wanaume wanachimba.

Wanawake walinionea huruma, wakanipa nafasi nami nikamwosha. Hina yangu ya harusi ilikuwa bado nyekundu. Kila nilipommiminia maji niliiona mikono hii, iliyosokomeza utepe ule, nikaona haistahili kumgusa. Kanga aliyovalishwa ili anipokee mimi ilikuwa imekunjwa pembeni.

Pale msibani mzee Abilahi, mtani wa Bibi, alisimama mbele ya Ridhiwani kama utani unavyoruhusu. “Marehemu amechoka kuwangoja, ameona heri atembee kwa miguu!” Watu wakacheka. Ridhiwani naye alicheka, akatoa cha kumpa mtani. Halafu mjomba Jafari akamuuliza mbele ya wote gari lilikuwa na nini. Mume wangu akasema, “Uzembe wangu, mjomba. Sikulikagua kabla ya safari.” Nilikuwa nimekaa na wanawake, nikasikia, nikanyamaza.

Siku ya tatu ulipopiga simu nawe ukasema, “Mwanamume gani anashindwa hata kuangalia maji ya gari, hadi mama yangu anakufa na njaa akimngoja?” Sauti ilijaa ukumbi mzima. Akajibu, “Ni kweli, mama. Nisamehe.” Mimi nilikuwa karibu naye kuliko simu yenyewe, nikanyamaza tena. Tangu hapo amekupigia kila Ijumaa na hupokei. Hajawahi kunilaumu. Namwambia tuseme ukweli, ananijibu, “Wewe umefiwa. Mimi nimeoa tu.”

Basi ukweli ndio huo, Mama mdogo. Utepe ni mimi, na bodaboda ni mimi. Sikuombi unisamehe haraka. Kama hasira ipo, na iwepo, ila ije kwangu.

Nisalimie Baba mdogo Yassin na Imani. Mama anakusalimu sana, na Saida anasema mkeka wa Bibi amekuwekea. Mwenyezi Mungu amlaze mama yako pema na akupe subira, nasi atukutanishe siku isiyo ya kilio.

Ukimaliza kusoma, tafadhali mpigie simu Ridhiwani kwanza. Mimi nitangoja.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukulilia,
Mastura