Mafundo Katika Kanga Zako

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha nimeruka mstari mmoja, mahali pa marahaba yako.

Leo ni Jumatano, siku ya pili tangu tulipomaliza arobaini yako. Saa tisa mchana. Nakuandikia kwenye shajara ileile uliyokuwa ukiiita daftari la ghalani, kwa sababu jana nilijua jambo ambalo siwezi kumwambia mtu yeyote kabla yako. Mama Mdogo Fatu amelala chumbani kwako. Kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Nitakueleza kwa mpangilio, kama unavyonijua.

Jana nilitoa kanga zako sandukuni nizifue kabla hazijagawiwa ndugu. Nilianza na ile ya zambarau. Nilipoitumbukiza kwenye beseni, maji yakawa ya kijani, kama maji ya kisamvu. Nikadhani inachuja rangi. Lakini ile ni ya zambarau, Mama. Nikaipekua, nikakuta fundo kwenye pembe, lile fundo dogo gumu ulilozoea kufungia sarafu na ufunguo. Ndani yake mlikuwa na vidonge vyangu vya majani, vile nilivyokuwa nikikupa kwa ajili ya presha, vinne, vimeshikana kwa maji.

Nikaliacha beseni. Nikazitandaza kanga zilizobaki juu ya mkeka, nikapapasa pembe moja moja. Nilihesabu mafundo kumi na saba. Mengine yalikaza hata nikayafungua kwa meno.

Halafu nikafungua shajara. Unakumbuka nilivyochora mistari: tarehe, asubuhi, jioni, hali ya Mama. Kila siku ina alama mbili. Hakuna siku niliyoruka, hata ile ya mvua iliyong'oa bati la jikoni. Nilizitazama alama zile mpaka nikaona nilipokosea. Ghalani nilikokuwa karani, mpokeaji akishashika mzigo, karani anaweka alama na kazi yake imekwisha. Ndivyo nilivyofanya kwako. Niliweka vidonge kiganjani mwako, nikageuka, nikaandika. Nilipokutazama tena ulikuwa unakunywa maji na kufuta mdomo kwa pembe ya kanga.

Sikukasirika. Nataka ujue hilo. Nilikaa tu pale mkekani mpaka jua likafika miguuni.

Ghala lilipouzwa kwa mtu binafsi na sisi makarani tukapunguzwa, nilijifungia ndani. Wewe ndiye uliyewajibu wageni mlangoni kwamba mwanao ana mafua. Mafua ya miaka miwili, Mama! Kisha akaja Bi Tumaini kutoka Newala na semina yake. Alikata bilinganya mbele yetu, nusu moja akaipaka limau, nyingine akaiacha. Alipokuwa akieleza, ile iliyoachwa ikaanza kugeuka kahawia. Akasema ndivyo tunavyoharibika ndani, kama mabati ya Lindi yanavyoliwa na upepo wa chumvi, na kwamba ndani ya majani, maganda ya zabibu na chai ya kijani mna kitu kinachoitwa antioksidanti, kinachozuia kutu hiyo, damu ikapita vizuri na presha ikashuka. Nilinakili kurasa sita. Tangu ghala lilipouzwa sikuwa nimepata kitu cha kunakili.

Nilipoanza kuuza vidonge vyake na kukuletea chupa ya kwanza uliinusa, ukaniuliza, "Kwa hiyo siku hizi mchicha unavaa koti?" Tangu siku hiyo vikawa mboga za chupa. Lakini ulinyoosha kiganja.

Baada ya miezi mitatu presha yako ilikuwa imeshuka. Nilipokuuliza vidonge vya hospitali ulisema, "Vile nimevipumzisha." Nikaamini. Nikaandika. Nikasimama kwenye ukumbi wa semina mbele ya watu, nawe umekaa mstari wa kwanza umejitanda kanga yako ya bluu, nikasema mama yangu ameacha dawa za hospitali na amepona kwa majani. Bi Tumaini akakugeukia: "Kweli, mama?"

Ukajibu, "Kama alivyosema mwanangu."

Walipiga makofi mpaka madirisha yakatikisika. Nilidhani umeona haya ndiyo maana ulitazama chini.

Chini ya kanga, jana, nilikuta pia kadi yako ya kliniki. Imejazwa kila mwezi. Alhamisi zote ulizosema unakwenda kumwamkia somo yako zimo mle, kwa wino na muhuri wa nesi, pamoja na vidonge ulivyopewa. Leo asubuhi nilikwenda nayo kliniki. Nesi alipoliona jina lako akaweka kalamu chini.

"Kumbe wewe ndiye mwenye mboga za chupa," akasema. "Mama yako alinichekesha sana."

Nilimuuliza waziwazi. Alinijibu bila dharau. Mboga na matunda ale kila mtu, yeye mwenyewe anakula, mchicha, mapapai, mapera, vina faida na hana ugomvi navyo. Hata vile vya chupa hakusema ni sumu. Alisema hajaona vikishusha presha ya mgonjwa wake yeyote, na yako waliishika kwa vidonge vya kliniki na kwa wewe kupunguza chumvi. Kisha akasema alikuomba mara nyingi uniambie, nawe ulimjibu, "Dada, mwanangu alikuwa hatoki nje. Sasa anaamka, anavaa viatu, anaaga. Niache kwanza."

Niache kwanza. Mama, kwa nini hukuniambia? Ningelia siku moja. Ningevua viatu siku moja, kisha ningevivaa tena.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike leo. Ulipofariki kwa homa ya mapafu, baada ya kuugua siku nne tu, watu waliokuja kuhani walisema presha yako ilikuwa imeshapona, ni homa iliyokuchukua. Ushuhuda wangu ukabaki mzima. Juzi kwenye arobaini, tukichambua mchele uani, Mama Mdogo akatangaza mbele ya wanawake wote, "Mimi vya hospitali nimevitupa chooni tangu mwezi uliopita. Nafuata njia ya dada." Akanipiga kofi begani. "Na wewe Hadija, Ijumaa sirudi Kiranjeranje bila chupa mbili. Au mtoto wa dada yangu ataniuzia kama mgeni?" Wakacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa sijafua kanga bado.

Leo sina kisingizio hicho. Presha yake ni kama yako, pengine zaidi. Kichwa kinamuuma, anasema ni moshi wa kuni za arobaini. Kila nikipita mlangoni nasikiliza kama anapumua.

Nimezunguka nyumba hii tangu adhuhuri kama kuku aliyefunikwa tenga. Nikimwambia, nakuvua nguo wewe mbele ya mdogo wako, arobaini yako haijapoa. Atauliza, dada alidanganya ukumbi mzima? Nitamjibu nini? Na wapo wale wanawake tisa wa Rasbura walionifuata. Mmoja aliacha kukaanga samaki sokoni ili auze chupa kama mimi, meza yake imeshachukuliwa na mwingine. Walifuata sauti yangu, na sauti yangu ilikuwa imeegemea kwako. Bi Tumaini naye juzi alininong'oneza kwamba Jumamosi wanakuja wageni kutoka Nachingwea na wanataka kuisikia habari yako. Akasema, "Mtu akishafariki, maneno yake yanaaminika zaidi." Alinishika mkono kwa upole kabisa. Si mtu mbaya, Mama. Vidonge hivyo anavimeza mwenyewe kila asubuhi.

Nilifikiri nimwambie Mama Mdogo kwamba dawa zimebadilishwa. Nilifikiri nimsagie vya kliniki kwenye uji. Unaona nilikofika? Nilikuwa naanza kufunga fundo langu mwenyewe. Ndipo nikaketi kuandika.

Ile kanga ya bluu uliyosema mwenyewe iwe ya Mama Mdogo sijaifua. Ina fundo moja, sijalifungua. Nilipolipapasa nilihisi vidonge viwili, vya asubuhi ya siku moja ambayo kwenye shajara ina alama. Nimeikunja, nimeiweka mapajani, na kadi yako iko juu yake.

Akiamka nitampa kanga kama ilivyo. Nitamwomba alifungue fundo yeye, kwa vidole vyake, kwa sababu anazijua pembe za kanga zako kuliko mimi. Kisha nitampa kadi. Hajui kusoma vizuri lakini anajua mihuri, atahesabu Alhamisi. Akinitukana, nitamsikiliza mpaka amalize. Akikulaumu wewe, nitamwambia ukweli wote: kwamba hukuudanganya ukumbi, ulisema kama alivyosema mwanao, na mwanao ndiye aliyesema. Hilo nalichukua mimi. Mzigo nimeupokea.

Kesho ni Alhamisi. Nesi amesema nimlete kabla ya saa mbili asubuhi, asipange foleni.

Ya ukumbi sijui, Mama. Sitakudanganya. Nimeandika "Jumamosi" hapo chini na mbele yake nimeacha wazi. Wale wanawake nawaona mmoja mmoja, hata yule mwenye meza iliyochukuliwa. Ila naona kwamba habari yako siwezi kuisimulia tena kama nilivyoisimulia. Mdomo utagoma.

Namsikia anageuka kitandani. Anaita, "Hadija, maji."

Lala salama, Mama. Mungu akunawirishie kaburi lako, na anisamehe kwa kila asubuhi niliyogeuka upesi. Nimechora mistari mipya kwenye ukurasa unaofuata, na juu nimeandika jina la mdogo wako. Nakuahidi kitu kimoja ninachokiweza: kuanzia kesho, kila siku atakayokuwa nami, nitakaa mbele yake, nitamtazama usoni, na sitaweka alama mpaka nimemwona amemeza.

Mwanao,
Hadija