Kidole Chenye Mafuta ya Bata

Jumapili, 28 Aprili

Tumefika kambi ya mawindo saa nane mchana. Baba mdogo Josiah alituvuta kwa pikipiki yake ya theluji, mimi na Mama tumekaa nyuma kwenye sleji, juu ya magunia. Mgongo hauna hali! Kibanda cha Baba kingali kimesimama pale pale, ukingoni mwa ghuba.

Mama hakuingia. Alisimama mlangoni akiangalia msumari ambao Baba alikuwa akitundika kofia yake. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani, kwamba tutakaa hadi bata bukini wamalize kupita, tutafungasha vitu vya marehemu, na ufunguo atapewa Josiah na wanawe. Basi. Mwaka wa mwisho huu. Josiah akainama kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Nikashusha magunia. Miaka ishirini na miwili nimekaa kusini, ofisi ya bima, mbele ya kompyuta. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Kila mwezi wa nne alipiga simu kuniita mawindoni: "Rhoda, upepo umegeuka." Na kila mwaka nilimjibu, mwakani, Baba.

Bunduki yake nimekuja nayo. Nimeiviringisha kwenye blanketi. Mama ameiona.

Jumatatu, 29 Aprili

Upepo hakuna. Hata jani halitikisiki. Josiah ndiye mkubwa wa mawindo hapa na amekataza mtu asipige. Siku tulivu mlio unafika mbali, bata wanaihama ghuba nzima, mnabaki kutazamana. Kwa hiyo chai. Chai tena.

Nimepanga bata wa bandia, wa kuwavuta wa kweli, kwenye theluji mara tatu, nikapangua mara tatu. Nimejaribu kuita. Baba alikuwa akiita hata wakati wa baridi kali, jikoni, anakaanga mkate, mara anakunja kiganja mdomoni – a-honk! – nami najificha chini ya meza nikicheka. Sauti yake ilikatika katikati, kama mlango usiotiwa mafuta. Yangu inatoka kama kikohozi. Shangazi Harriet amesema bata wataniletea dawa.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Ana miaka themanini na sita na ndiye anayelinda moto kwenye hema la kupikia. Kwake Mama bado ni wifi wa juzi, wanataniana tangu zamani. Ila leo utani haukushika. Shangazi alimwekea paja la bata aliyepigwa na watoto wa Josiah wiki iliyopita, Mama akalisogeza pembeni, akafungua kopo la supu. Tangu mazishi hajaonja bata. Anasema hamu iliondoka na mwenyewe.

Mwanamke aliyekuwa akinyonyoa bata thelathini kwa siku! Nikiwa mdogo nilimjua kwa harufu ile – manyoya, moshi, mafuta. Niliitafuta leo kwenye shali lake. Sabuni tu.

Jumatano, 1 Mei

Upepo!!

Alfajiri tulikuwa mavizioni, mimi na Josiah, tumevaa shuka nyeupe kama maiti wawili. Kundi la kwanza nilifyatua mapema. La pili nilifyatua hewa. Josiah alijikuna sikio tu. La tatu lilikuja chini, mabawa yameshikilia upepo, na nilipoita sauti yangu ikakatika katikati – yenyewe, sikuipanga. Josiah akageuka kunitazama. Nikasimama. Nikapiga.

Mmoja akaanguka.

Nilimfuata nikizama hadi magotini. Alikuwa na joto. Nililia, naandika wazi, nililia kama mtoto na pua ikaganda. Si kwa ajili ya bata. Kwa ajili ya zile simu.

Wakati wa kurudi Josiah akanikumbusha sheria, kana kwamba mimi ni mgeni: ndege wako wa kwanza si wako. Unamnyonyoa, unampika, unampa mkubwa kuliko wote kambini, naye ndiye anayegawa. Wewe huonji hata tone. Ukionja, umejiwindia tumbo lako, na bata wanajua. Akaongeza kwamba wenzangu huyamaliza haya wakiwa bado na meno ya utoto. Nina miaka arobaini na minne!

Mkubwa kuliko wote ni Shangazi. Mama ni wa pili. Sahani ikitoka mkononi mwa Shangazi, Mama hawezi kuisogeza pembeni vile vile tu. Au ataweza?

Alhamisi, 2 Mei

Nimeharibu.

Naandika nikiwa hemani, juu ya matawi ya msonobari yaliyotandikwa chini, maana sina ruhusa ya kugusa sahani. Asubuhi nilinyonyoa, nikababua, nikamfunga uzi na kumning'iniza mbele ya moto. Unamsukuma kidogo, uzi unajisokota, unajisokotoa, anageuka mwenyewe. Mafuta yanadondokea kwenye sufuria. Saa tatu nzima nimekaa na harufu ile. Nikachovya kidole nione kama yamekolea chumvi – na kidole kikaenda mdomoni! Nani asiyejua? Mpishi anaonja. Lakini leo sikuwa mpishi tu.

Wote waliona. Josiah alishusha kikombe. Mama akafumba macho, nami nikasema moyoni, basi, hata hili la mwisho nimemharibia Baba.

Shangazi akaanza kutikisika. Nilidhani ni kifua. Kumbe anacheka.

"Hata Job alilamba," akasema.

Mama akafumbua macho. "Job gani?"

"Mumeo, wifi. Ana miaka tisa, kidole gumba chote ndani ya sufuria. Nilimfichia, akanitekea maji kiangazi kizima."

"Job? Aliyemfukuza mtoto wa watu hemani kwa kulamba mwiko?"

"Huyo huyo. Tena bata wakaja maisha yake yote."

Mama akaitazama sufuria. Halafu akaanza. Kwanza puani, kisha mabega, kisha akacheka hadi akashika nguzo ya hema. Miaka arobaini na sita kanihubiria sheria, anasema, arobaini na sita, mwongo mkubwa yule! Machozi yanamtoka, anayapangusa kwa shali. Sijamsikia akicheka tangu tumzike. Nilikuwa nimesahau kwamba anapocheka anapiga mguu chini.

Shangazi amegawa. Kipande cha kwanza, kifua chenye ngozi, amemsogezea Mama bila kumtazama.

Mama ameishika sahani kitambo. Amekula. Sasa hivi anakula, kwa vidole, kidevu kinang'aa. Mimi nameza mate.

Mara amesema, mdomo umejaa, kwamba nguzo hii aliyoishika imeoza chini, Josiah akate nyingine kabla hatujaondoka. Nimemuuliza nguzo mpya ya nini, si mwaka wa mwisho huu? Anamnyooshea wifi yake sahani, anataka shingo –