Kiganja Kwenye Unga

Shoga, upo? Acha unachofanya, usome hapa.

Unajua unga wetu unavyoisha kabla ya mwezi kuisha. Chakula cha mwezi nakipanga mwenyewe, kikombe napima mwenyewe, na bado! Nikamshuku wifi anayekaa nasi, nikamnunia.

Basi nikaanza kugandamiza kiganja juu ya unga kila nikimaliza kupika. Atakayechota atakiharibu, nami nitajua.

Leo nafungua ndoo, kiganja kipo. Nikashusha pumzi. Nikaangalia tena. Shoga, ni kikubwa kuliko changu! Tena ni cha mkono wa kulia, na kidole cha pete hakipo.

HAKIPO!! Humu ndani nani alikatwa kidole hicho na msumeno? Si fundi seremala wangu? Mume wangu mwenyewe!

Nikamwita, nikamuuliza mbona unga haufiki mwisho wa mwezi. Eti, "Mke wangu, tupunguze kula tu, bei zimepanda." Macho makavu! Mimi nipunguze kula, yeye unga anampelekea nani?

Nikamwambia haya, nipe mkono uniapie hujaugusa unga huu.

Mtu anayeshika hata nyundo kwa kulia, leo kanipa wa kushoto.