Kigoda cha Nimia

Asunción, Jumapili jioni

Mama Obdulia, uliyenilea,

Goti linaendeleaje? Chipa zako, vile vimkate vyako vya jibini, zilifika ofisini zikiwa bado laini, wenzangu wakazigombania.

Ndani ya kifurushi niliikuta ile picha. Msichana wa miaka minane amesimama juu ya kigoda changu ili afikie karo la kuoshea vyombo, mbele yake rundo la sufuria. Nyuma umeandika: "Muone Nimia, wazazi wake wamenipa nimlee. Mchapakazi kama wewe! Shule tutaona mwakani."

Mama, kazi yangu ni kulinda watoto. Picha nilimpelekea mkuu wangu siku hiyohiyo. Barua hii utapewa na wenzangu, walewale waliokula chipa zako, Nimia akiwa tayari yumo garini. Sikukutonya mapema kwa sababu nakujua, ungemficha.

Najua utafoka: "Zunilda nilimlea hivihivi, mbona hakuwahi kulalamika?"

Ulinipenda, nami nakupenda mpaka leo. Lakini nilipopanda kigoda kile nilikuwa na miaka saba, na hakuna mtu aliyeniuliza kama nataka kurudi kwetu.

Leo Nimia ataulizwa.

Mwanao,
Zunilda