Jembe la Bibi Kwandu

Mwalimu Kabula,

Shikamoo. Bado naisikia marahaba yako, ile ndefu, ya mtu anayeitikia huku anaandika.

Ni miezi saba sasa tangu tukuzike. Ofisi yako pale Nyegezi amepewa mhadhiri mwingine. Dada yako alipokuja kuchukua vitu, alinikabidhi madaftari yako ya utafiti. "Alisema haya ni ya Minza." Niliyabeba mpaka kwangu Pasiansi, nikakaa wiki tatu bila kuyafungua. Kuona tu mwandiko wako kwenye jalada... sikuweza.

Nakuandikia kwa sababu nimekupinga mbele za watu, na sitaki ulisikie kwa mwingine.

Unajua nilivyokuja kwako. Binti wa mzee wa kanisa wa Buswelu, niliyekuzwa nikiamini ngoma ni mambo ya watu wasiosoma. Ukatupeleka shambani kwa kikundi cha ngoma ya majembe. Ukavua viatu, ukafunga kanga juu ya gauni la ofisini, ukaingia mstarini. Ulirudi unahema, ukatuambia bila aibu, "Nimekosea mapigo mara mbili. Kesho narudi." Sikuwahi kumwona msomi akisema hivyo. Siku hiyo nilijua nataka kuwa nani.

Sasa sikiliza. Kitabuni mwako umeandika kwamba kurusha jembe juu na kulidaka ilikuwa kazi ya wanaume; wanawake waliitikia wimbo tu. Nami nimefundisha hivyo miaka minne. Halafu nikaenda Kayenze, nikamkuta mzee mmoja, Bibi Kwandu, anaanika dagaa. Nikamuuliza ni nani aliyekuwa hodari wa kurusha enzi zao.

"Mimi," akasema. "Na mdogo wangu. Hao baba zenu walikuwa wanatuogopa."

Nikamwambia kitabu kinasema vingine.

"Aliyeandika alimuuliza nani?"

"Wazee wa kikundi, bibi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Angeniuliza mimi, ningemwambia wanaume hawakuwepo kabisa."

Kisha akainuka, akachukua jembe lililoegemea mlango, akalirusha. Halikwenda juu sana, usawa wa kichwa tu. Akalidaka huku ananitazama mimi, Mwalimu. Hakulitazama jembe.

Chuo kilikuwa kinaandaa siku ya kukukumbuka, na mimi nilipangiwa kuzungumzia kazi yako. Mwenzangu mmoja idarani nilipomweleza alisema, "Minza, mwache mama wa watu apumzike." Nilijifungia chooni nikalia. Ndipo nilipoyafungua madaftari. Nilitafuta hata mstari mmoja ulimotilia shaka jambo hilo, nipate kujificha nyuma yako. Haukuwepo. Majina yote uliyoandika ya watu uliowahoji ni ya wanaume.

Nikasema. Nikasimama ukumbini, dada yako ameketi mbele, nikaeleza kwanza yote uliyotufungulia, jinsi ulivyozunguka vijiji na kalamu wakati wenzako wakikucheka. Kisha nikamtaja Bibi Kwandu. Nikasema, hapa Mwalimu wangu alikosea. Hakuna aliyepiga makofi. Nilirudi kwenye kiti nikijiona mwizi.

Watu walipotawanyika, dada yako alinifuata. Niliinamisha kichwa. Akanishika mkono, akasema, "Kabula angekasirika siku mbili. Ya tatu angekuomba umpeleke kwa huyo bibi."

Hapo nililia vizuri, Mwalimu. Tangu mazishi sijalia vile.

Bibi Kwandu anasema wenzake waliobaki ni wanne. Mmoja haoni tena, mwingine anasahau watoto wake lakini wimbo haujamtoka. Jumamosi naanza nao. Nitaandika majina yao yote, la kila mmoja na la baba yake na la kijiji chake, na nitarekebisha sura ile ya kitabu bila kufuta jina lako. Hilo nakuahidi. Wanafunzi wangu nao nitawapeleka, wavue viatu.

Pumzika, mama yangu. Na kama umekasirika, basi ziwe siku mbili tu.

Mwanafunzi wako,
Minza