Shamba la Mwezi wa Nne

Jumatatu, 21 Machi 1994
Doria, Nambilanje hadi msituni. Pancha mbili za baiskeli. Mahindi yamebeba, ndiyo majira tembo wanaposhuka mashambani. Kila mkulima yuko juu ya dungu lake anagonga debe. Kasoro Chande, kaka wa mke wangu. Yuko kwake, kanyoosha miguu. "Wamehama hao, shemeji. Wamekwenda zao Msumbiji, vita imekwisha."
Kajuaje?

Jumatano, 30 Machi
Sijaona kinyesi cha tembo tangu wiki iliyopita. Mwaka jana siku kama hizi walalamikaji walinijaa mlangoni. Sipendi ukimya huu.

Jumamosi, 2 Aprili
Chande anafyeka shamba jipya la ufuta, ndani kabisa ya pori. Nani anafyeka mwezi wa nne, majani yakiwa yamelowa? Ametia moto, hauwaki. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kwa Chande moshi mtupu. Na harufu mbaya.
Nimemweleza Somoe. Hakuniangalia. Mke wangu anajua kitu, na leo namwogopa.

Jumanne, 5 Aprili
Chande alikwenda gulioni Chunyu. Nikaingia shambani kwake. Chini ya magogo aliyotaka kuyachoma, mifupa. Tembo jike na mtoto wake. Pembe za mama zimeng'olewa. Mtoto hakuwa nazo hata kidogo, wamemuua bure. Maganda ya risasi yametapakaa, na gobole la kienyeji haliachi maganda. Ni ya bunduki za vita, hizi zinazovushwa Ruvuma tangu wenzetu wa Msumbiji wapatane.
Nimelia kwa hasira. Askari wa wanyamapori mzima, nalia porini.

Jumatano, 6 Aprili
Nimeandika ripoti mara tatu. Mbili hazina jina. Nikimtaja, ni jela. Nisipomtaja, atalifuata kundi lililobaki, na pori lote litakuwa ufuta.
Somoe kasema neno moja tu: "Yule tumbo moja na mie."
Ripoti ya tatu ina jina.

Alhamisi, 7 Aprili
Nimeifikisha ofisini Nachingwea. Mkubwa alisoma, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Njia nzima ya kurudi nilihisi kila mtu ananitazama.

Jumatatu, 11 Aprili
Jana askari wamemchukua Chande. Bunduki ilikuwa darini kwake. Hakubisha.
Mvua tangu alfajiri. Somoe amenitengea ugali na kisamvu, na maji ya kunawa, kama kawaida. Kisha kambeba mtoto wetu, kaenda kwa mama yake. Hakusema atarudi lini.
Nimenawa. Nimekula.