Kazi ya Kukaanga Samaki

Salto, Jumapili

Mpenzi Wilmar,

Mvua haijakatika tangu juzi. Nimekaanga maandazi yetu ya siku za mvua nikala peke yangu, na mbwa wako amezaa chini ya kitanda cha mwanetu Lautaro.

Kaka Néstor alikuja kunywa chai ya mate, akanichosha. "Hii sheria ya kuzuia klabu za soka za nje kuchukua watoto ifutwe tu, dada. Mtoto ana kipaji, mwacheni aende zake."

Nikamwambia isifutwe, izibwe matundu. Sisi wenyewe tumepenya tunduni. Mtoto haruhusiwi kusajiliwa nje mpaka mzazi awe amehamia huko kwa kazi yake mwenyewe isiyohusu soka, basi klabu ikakutafutia kazi ya kukaanga samaki hotelini. Wewe, mnyoa kondoo, ambaye harufu ya samaki tu inakuondoa mezani.

Kesho mkaguzi wa shirikisho la soka anakuja kuniuliza kwa nini mlihamia Uhispania. Wakili wa klabu kanipigia tena: "Mama, ni sentensi moja. Sema, 'Mume wangu alifuata kazi.'" Nimeikariri nikiosha vyombo, na imenikaa vizuri mdomoni, na hilo ndilo linalonitisha.

Maana jana, ukiwa kazini, Lautaro naye alipiga simu. Hata habari za mbwa hakuuliza. Alinong'ona, "Mama, wakija, waambie ukweli. Nataka kurudi."

Nakuandikia leo ili usije ukasema sikukuambia. Kitanda chake nimeshakitandika. Watoto wa mbwa nimewaacha hapohapo chini, awakute.

Mkeo,
Mirta